Mkonge wa Mstari Mmoja

Kambi Tano, Masanze
Jumapili, 9 Februari 2025

Kwa mume wangu Ditram, huko Mikumi,

Marahaba. Najua ungekuwa hapa ungeshaniamkia, na usingeniamkia ningekuchapa na mwiko, kwa hiyo napokea kabisa. Mimi mzima. Goti la kushoto linauma kila mvua ikikaribia, la kulia limejitenga na mambo hayo. Mama yako alikuja kutoka Magole akakaa siku mbili, akafua hata mapazia ambayo sikumwomba. Anasema hujampigia tangu Krismasi. Nikamwambia mjukuu wangu ana kazi ya kompyuta, macho yake yanachoka. Nimekutetea, usije ukanifanya mwongo. Mahindi ya vuli tumevuna, ila nyani wamekula pamoja nasi.

Utauliza kwa nini naandika na simu ninayo. Maneno ya simu yakishasemwa hayana mwenyewe. Karatasi ina mwenyewe. Shule sikwenda hata siku moja, unajua. Herufi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima, tumekaa juu ya magunia ndani ya bohari la mkonge, mama yako nimembeba mgongoni. Ukiona mistari yangu inapanda mlima, panda nayo. Barua atakuletea Anastazia, jirani yangu wa ng'ambo ya mpaka wa shamba langu, ambaye kila Jumatatu anapeleka nyanya Mikumi.

Sasa jambo lenyewe. Alhamisi walikuja watu watatu na gari jeupe. Wakarusha juu kitu kinachonguruma kama nyigu, kikazunguka paa zetu zote. Kisha wakaingia kwenye mkonge wa mpaka, ule wa babu yako Beda, wakaupaka rangi nyekundu, mche hadi mche, mpaka kwenye kaburi lake. Nikawauliza mnapaka nini. Mmoja akasema, "Bibi, mkonge hupandwa na mashamba makubwa. Huu ni mali ya shamba." Nikamwambia, kijana, huu mkonge umekufa na kupandwa upya mara nne kabla mama yako hajakufikiria. Akacheka, akaendelea kupaka.

Gari lile walisema limetoka Mikumi. Uko huko, una masikio. Nitafutie ni nani aliyewatuma na wanataka nini.

Halafu, mche wa pembeni, karibu na choo, umetoa mlingoti wake wa maua. Unajua ukishatoa mlingoti unakufa. Pengo hilo ni zamu yako kupanda. Njoo kabla ya masika.

Ni mimi bibi yako,
Joha


Mikumi
2 Machi 2025

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na goti la kushoto. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Huku mvua zimeanza mapema. Juzi tembo wawili walivuka kutoka mbugani wakaja mpaka nyuma ya gereji, malori ya Zambia yakasimama foleni ndefu, madereva wakatoka kupiga picha. Nimempigia Mama. Tumeongea vizuri. Nakutumia kilo mbili za sukari kwa Anastazia kwa ajili ya mfungo, na dawa ya kuchua. Ile ya chupa ya kijani, usiinywe.

Kuhusu wale watu, Bibi, naomba usiwe na wasiwasi. Mambo kama haya yanafanyika nchi nzima. Lile shamba la zamani limekaa pori miaka mingi, sasa limepata kampuni mpya yenye mtaji. Nchi zilizoendelea ziliendelea kwa kutumia ardhi yao na maji yao vizuri. Sisi tunavyo vyote, ila tumevikalia. Ikija kampuni kutakuwa na ajira, barabara, labda hata umeme hapo Kambi Tano. Na ramani ile ni ya awali tu, kuna hatua nyingi za uhakiki mbele yake. Kwa hiyo tulia, kula, pumzika.

Kazi imenibana kidogo, nikipata nafasi nitakuja.

Mjukuu wako mtiifu,
Ditram


Kambi Tano
16 Machi 2025

Mume wangu Ditram,

Marahaba, na asante kwa sukari. Mfungo wangu na Kwaresima yako vimekutana mwaka huu, kwa hiyo sote wawili tuna njaa, na mtu mwenye njaa asidanganye wala asidanganywe. Dawa ya chupa ya kijani nimechua, inanuka kama dizeli, goti limenyamaza. Mtoto wa mwenyekiti wetu wa kitongoji, Thadeo, amejifungua mapacha. Huu ni mwaka wa kura, basi kila mwenye gari anaijua njia ya Kambi Tano, na mapacha wameshapewa kanga nne.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza kwa furaha. Mara ya pili polepole. Mara ya tatu nikaweka kidole kwenye neno moja. Mimi nilikuandikia kuhusu rangi. Rangi nyekundu kwenye mkonge. Neno ramani sikulitaja. Wewe umelitoa wapi, na umejuaje ni ya awali?

Usijibu haraka. Fikiri kwanza.

Unaniandikia kuhusu utajiri wa nchi. Mimi hiyo nchi nimeiona ikipita mlangoni kwangu, na kila ikipita inakuwa na sura nyingine. Wajerumani sikuwaona, baba yangu aliwaona: walitaka mkonge, wakaleta reli ije kuuchukua mkonge. Waingereza walikuta mistari imeshapigwa, wakairefusha. Kisha watu wa ng'ambo wakaanza kutumia kamba za nailoni. Hakuna aliyetuambia. Siku moja mashine ya korona, ile ya kusagia majani kutoa singa, nyuzi za mkonge, ilinyamaza tu, na wakataji mia tatu wakabaki wamesimama na visu vyao. Mtu ambaye hatujawahi kumwona alibadilisha kamba ya kufungia mzigo wake, na huku watoto wakashindia uji wa chumvi. Kisha shamba likawa la taifa. Tukacheza ngoma siku tatu, mimi nikicheza na mimba ya mama yako. Baadaye likauzwa kwa tajiri mmoja, akaichukua hati akaenda kukopea, hakurudi. Akatuachia nyoka. Sasa anakuja mwingine.

Sikatai kwamba nchi inahitaji mashamba. Singa nimezianika kwa mikono hii, najua zilivyonunua magari ya watu. Ninachokuambia ni kwamba wote hao, kila mmoja alipofika, kitu cha kwanza alichotoa kwenye gari ni kamba ya kupimia. Na hakuna hata mmoja aliyeanza kwa kuuliza mtu wa hapa kamba ipite wapi.

Eka zangu nne na kaburi la mume wangu viko ndani ya rangi ile. Na nyumba arobaini za wenzangu. Hiyo ndiyo habari ninayotaka unijibu, si tembo.

Na mche hujanijibu.

Joha


Kambi Tano
27 Aprili 2025

Ditram,

Idi imepita, Pasaka imepita, jibu halijaja. Anastazia anasema alikukabidhi barua mkononi na ukamwambia "nitaandika". Basi naandika mimi tena. Sina aibu ya kuandika mara mbili kwa mtu mmoja, nilishakuogesha.

Tuko wazima. Masika imekuwa nzuri, mpunga wa watu wa Tindiga umesimama mpaka kifuani. Mlingoti umeanguka wenyewe Jumanne, haukugusa choo.

Ramani imebandikwa ofisi ya kijiji. Nimetembea na goti langu mpaka pale. Thadeo akanionyesha kwa kijiti: hii reli, huu mto, hii Kambi Tano. Kambi Tano yote imo ndani ya mstari wa kijani, na mstari wa kijani ni wa kampuni. Chini kumeandikwa mwenye pingamizi apeleke kwa maandishi kabla ya tarehe thelathini Juni. Kwa maandishi, Ditram. Unaona nilivyokuwa na akili mwezi wa pili.

Watu wamekasirika, wanataka kuwafukuza wapimaji kwa mawe wakirudi. Nimewaambia atakayerusha jiwe nitamfuata kwao na fimbo. Jiwe halifuti mstari.

Sasa sikiliza jambo lingine. Anastazia amekuona. Jumatatu ya juzi, pale Mikumi karibu na kituo cha mafuta, umevaa kizibao cha kung'aa, unapanda gari jeupe. Gari lile lile. Ameniambia huku anaangalia chini kama yeye ndiye mwenye kosa. Sikuulizi kama ni kweli. Anastazia huwa hakosei hata nyanya mbovu ndani ya tenga.

Nitakuambia kitu kimoja cha kazi, maana labda huko kwenye kompyuta hawakijui. Mkonge wa shamba kubwa hupandwa mistari miwili miwili. Miwili imekaribiana, halafu njia pana, halafu miwili tena. Njia ile ni ya mkataji kupita na matita ya majani kichwani. Mimi nimepalilia mistari hiyo miaka kumi na moja, naijua usingizini. Mkonge wetu wa mipaka ni mstari mmoja. Mmoja tu, unazunguka shamba la mtu kama uzi kwenye shingo ya gunia. Hakuna shamba kubwa lililowahi kupanda hivyo, kwa sababu mkataji asingeupata ujira wake kwa kuzunguka. Mtu yeyote aliyewahi kukata mkonge angeona kwa jicho moja. Walituma watu ambao hawajawahi kukata.

Ninataka maandishi yako. Ninataka kujua ni nani aliyeuchora ule mstari wa kijani.

Nimekuwekea karanga. Zikioza ni shauri lako.

Bibi yako


Mikumi
11 Mei 2025

Bibi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Nilikuwa na homa, sasa nimepona. Karanga zimefika, asante.

Ni kweli nafanya kazi na kampuni ya upimaji. Nilianza Novemba. Sikusema kwa sababu mkataba ni wa muda na sikutaka kuwapa matumaini kabla haujawa wa kudumu. Mkuu wetu, Donati, si mtu mbaya. Alipewa kazi ya hekta elfu tatu kwa miezi minne, na watu watano. Isingewezekana kutembea kila mahali. Ndiyo maana zikatumika picha za angani, na ikawekwa kanuni moja: penye mkonge ni shamba. Kanuni hiyo haikutungwa kwa ubaya.

Habari ya mistari miwili hakuna aliyewahi kuisema ofisini. Nimeisoma barua yako nikaenda kuangalia picha upya. Inaonekana. Ukishajua, inaonekana wazi kabisa.

Lakini Bibi, mimi ni mtu mdogo pale. Sisaini ramani. Nikisema nitaondolewa na kuwekwa mwingine kesho yake, na ramani itabaki vilevile. Mambo haya yanaamuliwa na watu wakubwa, mbali sana na Mikumi, na hata wao wanasukumwa na bei ya vitu duniani, kama ulivyosema habari ya nailoni. Pelekeni pingamizi kupitia mwenyekiti, lina nguvu zaidi likitoka kijijini.

Mgonjwa wa goti apumzike.

Ditram


Kambi Tano
25 Mei 2025

Mume wangu,

Marahaba. Pole kwa homa. Wakati unaumwa nani alikupikia uji? Ungemtuma Anastazia ningekuja na ungo wangu, Mikumi si Ulaya.

Umejibu maswali ambayo sikuuliza, na nililouliza umelipita pembeni kama mtu anayepita penye mbwa. Nani alichora? Sitauliza tena. Leo nitakupa hadithi ambayo hata mama yako haijui, kisha ufanye utakavyo.

Babu yako Beda alifika hapa mwaka 1953. Alikuwa manamba, kijana wa Njombe aliyeandikishwa kwa mkataba na kuvalishwa namba kabla ya kuulizwa jina. Mwaka wake wa tatu bwana shamba akataka kuongeza mkonge kuelekea mtoni, maana bei huko kwao ilikuwa juu. Akamchagua Beda kwa kuwa alikuwa mrefu na mtiifu, akampa ncha ya kamba ya kupimia. Ncha nyingine alishika mnyapara. Wakaja wakapita katikati ya mtama wa baba yangu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mbili, nimesimama na ungo mkononi. Baba yangu akamuuliza yule kijana, bila ukali, "Unajua umeshika nini?" Akajibu, "Nimeshika kamba tu, mzee. Mimi ni mtu mdogo."

Sasa umejua maneno yako umeyarithi kwa nani.

Nusu ya mtama ilienda siku ile. Hatukulipwa hata kibaba. Nilimchukia yule kijana mrefu miaka sita mizima, kwa bidii.

Mwaka 1962 akaja nyumbani, peke yake, bila mshenga. Akasimama uani, hakukaa. Akasema, "Mzee, ile kamba niliishika mimi. Nimekuja kusema kabla sijaomba chochote, ili ukinikataa unikatae kwa jambo la kweli." Baba yangu alikuwa anasuka kitanda, akaendelea kusuka mpaka akamaliza upande mzima. Kisha akachukua jembe, akampa. "Nionyeshe ilipopita." Wakaenda. Mimi nikawafuata kwa nyuma nikijifanya nachuma mboga.

Ilipopita kamba, baba akasimama. Akasema kilichobaki upande huu atatugawia mimi na Beda tukishaoana. Akamwambia Beda alete miche ya mkonge, ile iliyotupwa na bustani ya shamba. "Kilichonila upande ule," akasema, "kikae hapa kinilindie upande huu." Wakapanda mstari mmoja tu. Kila mche baba yangu alishika kwa mkono wake na Beda kwa wake, ndipo udongo ukarudishwa. Kambi Tano yote ikaiga. Ndiyo maana mpaka leo hapa mche wa mpaka haupandwi na mtu mmoja. Nyumba mbili zinashika, moja huku na moja kule. Wewe ulidhani ni desturi ya kucheza. Ni kwa sababu ya babu yako na lile neno lake la uani. (Habari ya mimi Mwislamu na yeye Mkatoliki ilikuja baadaye, na ilikuwa na kelele zake, hiyo haihusu wapimaji.)

Sikuwahi kuwaambia ninyi kwa sababu nilimwahidi Beda. Alikuwa anaona aibu hata akiwa mzee, hata akiwa na mvi. Leo nimeivunja ahadi, na nimekwenda kaburini kumwambia.

Unasema watu wakubwa wako mbali. Ni kweli wako mbali. Ndiyo maana hawawezi kushika kamba wenyewe, mikono yao haifiki. Tangu Waingereza mpaka leo hakuna mkubwa hata mmoja niliyemwona ameinama kushika ncha. Huwa ni kijana mrefu mtiifu. Bwana shamba wa 1956 simjui hata jina, na mtoto wake hanijui. Lakini Beda alijua alipopita, na kwa kuwa alijua na akasema, wewe ulizaliwa.

Mkutano wa kijiji ni Jumamosi tarehe kumi na nne Juni. Thadeo ataandika pingamizi letu. Litakuwa maneno ya wanakijiji, na wanakijiji siku zote husema ardhi ni yao. Linahitaji mtu aliyeshika kamba.

Nakupenda hata ukikaa kimya. Lakini kimya chako nitakiona.

Joha


Mikumi
8 Juni 2025

Kwa Mwenyekiti na Mkutano Mkuu wa Kijiji, kupitia kwa Bibi Joha wa Kambi Tano

Mimi Ditram, mjukuu wa marehemu Beda, ni mchoraji katika kampuni iliyopima shamba la zamani la mkonge. Mstari wa kijani unaozunguka Kambi Tano niliuchora mimi, tarehe 19 Februari mwaka huu, mchana, nikiwa mezani.

Nilifuata kanuni ya kwamba penye mkonge ni shamba. Kanuni hiyo ina kosa. Mkonge wa shamba ulipandwa mistari miwili miwili na njia pana katikati. Mkonge wa Kambi Tano ni mstari mmoja mmoja wa mipaka ya familia. Tofauti hiyo inaonekana katika picha zetu wenyewe namba 41 hadi 47. Nimeambatisha nakala, na nimezungushia kwa kalamu mahali ambapo mistari miwili inaishia. Hapo ndipo mpaka wa shamba ulipo. Kambi Tano iko nje yake.

Nakala ya barua hii nimempa mkuu wangu, Donati, mkononi, jana.

Ditram

Bibi,

Shikamoo. Hii ya chini ni yako peke yako, usiisome mkutanoni.

Nilijua. Barua yako ya kwanza nilikuwa nayo mfukoni siku naichora. Picha ilipofunguka niliona bati lako lenye kiraka cha bluu, na nikaona kivuli cha msalaba wa Babu. Mkono ulisimama. Kisha nikajiambia wahakiki watarekebisha, nikapita juu yake, nikaenda kunywa chai. Chai ile naikumbuka mpaka leo. Nilikuandikia habari za tembo kwa sababu sikuwa na jambo lingine ambalo ningeweza kuliandika bila hilo.

Donati ameisoma mbele yangu. Hakufoka. Aliuliza swali moja tu: "Wewe ulijua tangu lini?" Nikamwambia. Akaniambia niache ufunguo wa ofisi mezani.

Heri ya Idi iliyopita. Karanga nilizila zote.


Kambi Tano
Jumapili, 13 Julai 2025

Mume wangu Ditram, mtoto wa mwanangu, mrefu kama Beda mwenyewe,

Marahaba, marahaba. Sisi wazima, mapacha wana meno, mama yako yuko hapa amekuja kusaidia kupura mahindi na kunisimamia nisikae juani. Nimemsimulia ile hadithi ya kamba. Alilia, kisha akaniuliza kwa nini nilimchukia baba yake miaka sita na yeye alipika vizuri kunizidi. Hapo tukacheka.

Barua yako niliisoma mimi. Thadeo alinyoosha mkono aichukue, nikamwambia kaa. Nilisimama mbele ya mkutano, mimi niliyejifunza herufi juu ya magunia, nikasoma neno kwa neno, na pale penye "niliuchora mimi" nikasoma mara mbili ili wa nyuma wasikie. Mzee mmoja akasema huyu kijana ni msaliti. Nikamwambia ndiyo, na amekuja kusema mwenyewe, wewe ulishawahi? Akakaa. Ile ya chini sikuisoma. Nimeishona ndani ya mto ninaolalia.

Wiki iliyopita Donati amekuja. Mwenyewe, kwa miguu kutoka barabarani, na watu wa ardhi wawili. Nikamtembeza. Nilimwambia shika bega langu usije ukaanguka, nikampitisha kwenye mistari miwili mpaka inapoishia, halafu kwenye wa kwetu. Alisimama katikati ya ile njia pana ya wakataji, akatazama huku, akatazama kule, akavua kofia. Hakusema neno zuri, ila alitoa kalamu. Mstari wa kijani umerudi nyuma. Nyumba arobaini ziko nje, mimi niko nje, Beda yuko nje. Ramani mpya imebandikwa, nimeigusa.

Akaniambia wakati anaondoka, "Bibi, huyo mjukuu wako hayuko tena kwenye gari letu." Nikamjibu najua, na gari lenu limepungukiwa. Akanywa maji yangu, akaenda.

Usidhani tumeshinda vyote. Njia yetu ya kwenda mtoni imebaki upande wao. Nilimuuliza Donati, akasema maji ndiyo kampuni inayoyataka kuliko udongo. Nikaelewa. Wa kwanza walitaka singa, hawa wanataka mto. Basi tumeanza kuandika tena. Thadeo anaandika, mimi nasema, na safari hii tunaandika mapema, kabla hakijaruka kitu juu ya paa. Tunahitaji mtu anayejua ramani inavyosomwa na inavyodanganya. Hatuna mshahara. Tuna wali.

Njoo. Usiniandikie kwamba una aibu, hiyo ya babu yako niliishi nayo miaka arobaini na sita, naijua sauti yake. Pengo karibu na choo lipo wazi bado, ng'ombe wanapita. Mche nimeuchagua. Anastazia amesema siku utakayofika haendi sokoni, atasimama upande wake ashike.

Jembe lipo. Lile lile. Nimelibadilisha mpini tu.

Bibi yako,
Joha